Kusi likivuma Mafia: kulala Utende pamoja na mama

Watu wengi wa Dar wakitaka bahari kwa siku chache wanapanda boti kwenda Unguja, na wana haki yao. Boti ni nyingi, hoteli ziko za kila bei, na jioni pale Forodhani hakuna anayekosa cha kula. Mimi nilimpeleka mama yangu Mafia. Mama ni mtu wa Njombe, mkulima wa viazi na mahindi, aliyezoea baridi na ukungu. Bahari alikuwa ameiona Kigamboni tu, akiwa amesimama mbali na maji na pochi kaikumbatia. Nilitaka apumzike mahali ambapo hatapigiwa muziki usiku kucha, hatazongwa na wauza shanga, wala hatajiona kama mtu aliyeingizwa kwa hisani katika hoteli ya wengine. Mwenzangu mmoja wa kazini, mzaliwa wa Kirongwe huko huko Mafia, ndiye aliyenielekeza kijiji cha Utende.

Njia ziko mbili. Ndege ndogo kutoka Dar inachukua kama dakika 40, na wanaoipanda husifu sana jinsi delta ya Rufiji inavyoonekana kwa juu. Sisi tulikwenda kwa barabara na chombo: Mbagala, Mkuranga, kisha unaiacha barabara ya Kilwa pale Bungu na kuingia Nyamisati, bandari iliyo ndani ya mikoko. Kuanzia hapo saa ya mkononi haina kazi kubwa. Chombo kinaondoka maji yakijaa, kwa sababu yakipwa mkondo ule hauna kina cha kukibeba. Mwezi ulikuwa wa Julai, kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma kwelikweli, na tulipotoka nje ya delta mawimbi yakaanza kutupokea. Mama mmoja wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, aliyekuwa anarudi na magodoro na katoni za sabuni, akamshika mama yangu mkono na kumhamishia katikati ya chombo. "Dada, huku mbele panarukaruka. Kaa hapa, tazama mbali, usitazame chini." Akampa kipande cha ndimu anuse. Mama alitapika hata hivyo, lakini mpaka tunafika Kilindoni walikuwa wameshapeana namba za simu.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni lami, kama kilomita 14, katikati ya minazi na mikorosho. Kabla ya kijiji unakuta geti la hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, vikiwemo vijiji vyenye watu ndani yake. Unalipa ada, raia kwa bei yake na mgeni wa nje kwa bei yake, unapewa risiti, unaendelea.

Tulipofikia ni kambi ndogo ya mabanda ya makuti, sakafu ya mbao, kitanda na chandarua, taa za umeme wa jua. Hakuna televisheni, hakuna bwawa la kuogelea. Ufukwe wa Utende nao niuseme ulivyo, maana wapo wanaokwenda wakitarajia mchanga mweupe usio na mwisho kama wa picha za matangazo. Kuna mchanga, na kuna mikoko inayoingia hadi majini. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inarudi nyuma mbali sana na kuacha uwanda wa matope, nyasi za baharini na mawe, na mashua zimelala ubavu. Tofauti ya maji makuu na maji makavu siku hizo inazidi mita tatu. Asiyejua hayo atafungua mlango asubuhi na kudhani ametapeliwa.

Pale kambini walikuwa na ubao karibu na meza za kulia, na kila jioni kijana mmoja aliandika kwa chaki saa za kesho: maji kujaa, maji kupwa. Shughuli zote zilifuata ubao ule. Kuogelea ni maji yakijaa. Kuvuka kwenda Chole, tazama ubao. Wapiga mbizi huingia lango la Kinasi, ambako ghuba ya Chole inafungukia bahari kuu, maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yakitoka hutoka kwa nguvu ya kumchukua mtu. Kuna mgeni mmoja aliyeomba boti saa nne asubuhi kwa kuwa ndiyo saa aliyoizoea, akajibiwa kwa adabu kwamba saa nne boti itakuwa imekaa juu ya mchanga. Mama, ambaye maisha yake yote amepanda mbegu kwa kuisikiliza mvua, hakuhitaji kuelezwa. Siku ya pili tu alikuwa ananikumbusha yeye: "Leo kuoga ni baada ya adhuhuri."

Kitu kilichonigusa kuliko vyote pale ni kukosekana kwa uzio upande wa bahari. Wanawake wa Utende walipita mbele ya mabanda na ndoo kichwani wakielekea mwambani, watoto wakapita na madaftari, mzee akapita na nyavu begani. Wote walisalimia, nasi tukaitika. Nimewahi kulala kwenye hoteli nyingine ya pwani, siitaji, ambako ukuta ulishuka hadi majini na walinzi waliwafukuza wavuvi waliotaka kukatiza kwenda kwenye vyombo vyao. Pale kulikuwa kimya pia. Lakini kimya cha Utende kilikuwa na watu ndani yake, na ndicho kilichompa mama usingizi. Aliniambia kwamba kusikia watu wanatwanga alfajiri kulimfanya ajue amelala mahali penye wenyewe.

Jikoni alijiingiza mwenyewe. Kambi ilinunua samaki pale pale ufukweni, kwa mizani ya kuning'iniza, na kulipa taslimu kabla muuzaji hajaondoka. Kwa hiyo chakula cha siku kilijulikana baada ya vyombo kurudi. Siku moja wanawake walirudi na pweza, kwa kuwa ilikuwa bamvua na mwamba ulikuwa wazi. Bi mkubwa wa jikoni, mwenyeji wa Utende, alimchukua pweza akampiga juu ya jiwe mpaka akalegea, akamsafisha, akamweka sufuriani bila maji. "Ana maji yake mwenyewe. Na chumvi usitie sasa, atakuwa kama kandambili," alimwambia mama. Kisha akampa mbuzi ya kukunia na kizio cha nazi. Mama alikuwa hajawahi kukuna nazi maishani. Akakaa juu ya kile kibao, akaanza kusukuma kwa nguvu kama anapalilia, na machicha yakatoka na vipande vya kahawia. Bi mkubwa akamshika viganja: izungushe nazi, usiisukume, na ukifika kwenye kahawia acha. Wakakamua tui jepesi na tui zito. Jepesi likaingia mapema pamoja na manjano na kitunguu, zito mwishoni kabisa moto ukiwa mdogo, halafu chumvi, ndimu na pilipili. Mama alikuwa amebeba viazi vya Njombe kwenye begi, maana hasafiri mikono mitupu, na kesho yake viazi vile vikapikwa kwa tui pamoja na changu. Wageni wawili wa Kijerumani waliokuwepo waliomba kuongezewa. Wanawake wale wawili walikaa pembeni wakiwatazama wanavyokula, na sijamwona mama akiwa na furaha ya namna ile tangu tulipomzika baba.

Ijumaa hakuna boti iliyotoka kabla ya sala. Meneja alitangaza tangu Alhamisi jioni: manahodha wote wanakwenda msikitini, safari zitaanza baadaye. Wageni wakasoma vitabu vyao, hakuna aliyepungukiwa na kitu. Vivyo hivyo kwenye mavazi: nguo za kuogelea ni za majini na kambini, ukipita kijijini unajifunga kanga au kikoi. Walisema hivyo siku ya kwanza, waziwazi, bila kuomba radhi. Naona hapo ndipo mwenye hoteli anapoonyesha anamheshimu nani. Mgeni akielezwa vizuri hufuata, na wengi hushukuru kuelezwa.

Chole unavuka kwa dakika chache. Kisiwa ni kidogo, hakina magari, na njia zake zimefunikwa na miembe na mibuyu. Hapo ndipo Wajerumani waliweka makao yao ya utawala baada ya kupata Mafia kwa makubaliano yao na Waingereza ya mwaka 1890, kabla ya kuhamia Kilindoni. Magofu ya majengo yao yamekumbatiwa na mizizi mpaka huwezi kujua ukuta unaishia wapi. Kwenye miti mirefu wananing'inia popo wakubwa wala matunda, wa jamii inayopatikana pia Comoro, na wanakijiji wamekubaliana kuwalinda. Lakini mama alikaa muda mrefu zaidi kwa mafundi wa vyombo. Mashua ilikuwa imesimamishwa juu ya magogo, mkuku, yaani uti wa chini, na mataruma yanayoshika mbao vinaonekana kama mbavu za ng'ombe. Fundi mmoja alikuwa na keekee ya kutobolea mbao: mkono mmoja unakandamiza juu, mwingine unavuta upinde, kamba inazungusha ncha, na vumbi la mbao linatoka taratibu. Kila msumari unatobolewa njia kwanza ili ubao usipasuke. Mwingine alikuwa anapiga kalafati, anasokomeza pamba iliyolowa mafuta kwenye nafasi kati ya mbao kwa patasi na nyundo, kipande kwa kipande, bila haraka.

Mama aliuliza mataruma yale yamepindwaje, kwa moto au kwa maji? Fundi akacheka kwa upole. "Hatupindi, mama. Tunakwenda porini kutafuta tawi lililojipinda lenyewe." Akamwonyesha moja ambalo bado lilikuwa na gome. Mama akaligusa, akasema nyumbani ana mti wenye tawi kama lile kabisa, miaka yote amekuwa akilaumu kwamba halifai kwa ubao. Wakazungumza miti mpaka nahodha akaja kutuita kwamba maji yanatukimbia.

Tulikwenda kisiwa cha Juani kwa sababu ya kasa. Miezi ile ya kusi ndiyo mayai mengi ya kasa wa kijani yanapoanguliwa, baada ya kukaa mchangani takribani miezi miwili. Kuna shirika linaitwa Sea Sense ambalo tangu mwaka 2001 limekuwa likifanya kazi na vijiji vya Mafia. Wapo wanakijiji waliofundishwa kutembea ufukweni kutafuta nyayo za kasa, kuandika tarehe ya kiota, na kuhamisha mayai yaliyotagwa mahali ambapo maji yatafika. Anayetoa taarifa ya kiota hulipwa, na ada anayolipa mgeni kutazama sehemu yake inarudi kijijini. Mwongozaji wetu alisema bila kuficha kwamba baba yake alikula nyama ya kasa na mayai yake, kama watu wote wa wakati ule. Yeye sasa anasomesha watoto kwa kuwalinda.

Alituweka nyuma ya kiota, akatuambia tusiwashe mwanga wala kusimama upande wa bahari. Mchanga ukatikisika, kikatoka kichwa, kisha vingi kwa pamoja, vitu vidogo vyeusi vinavyotosha kiganjani, vikipiga makasia kuelekea majini. Kimoja kikatumbukia kwenye unyayo alioacha mama dakika chache kabla. Kikajaribu kupanda ukingo, kikarudi chini, kikajaribu tena. Mama akainama kukiokota. "Mwache, mama," mwongozaji akasema. "Lazima atembee mwenyewe, ndivyo anavyoujua mchanga wake." Akapiga magoti na kusawazisha ukingo wa unyayo kwa kiganja mpaka ukawa mteremko. Yule kasa akatoka. Mama aliendelea kukitazama kile kitu kimoja mpaka wimbi likakichukua, na njiani kurudi alikuwa anatembea pembeni kabisa, kwenye nyasi.

Kwenye Juani hiyo hiyo yapo magofu ya Kua, mji wa mawe wenye misikiti na jumba la watawala, uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na kuachwa. Tulipita haraka kwa sababu ya maji, kwa hiyo sina mengi ya kusema, ila mtu anayependa historia asikubali kupitishwa haraka kama sisi.

Sipendi kuandika kana kwamba mambo yote ni matamu. Jioni moja nilikaa na nahodha wetu, mtu mzima kuliko mama, nikamwamkia na kumuuliza hifadhi imewaletea nini. Alisema alipokuwa kijana mlio wa baruti za kuvulia ulisikika mpaka nyumbani, na samaki walielea tumbo juu, wengine wakioza kwa kukosa wa kuwaokota. Hilo limepungua na anashukuru. Lakini hifadhi ilikuja pia na maeneo ambayo huruhusiwi kuvua kabisa na nyavu ambazo huruhusiwi kutumia, na wapo waliokuwa na nyavu hizo tu. "Mjukuu wangu, ukimfungia mvuvi mlango huu, mfungulie mwingine. Usimwache uani." Mlango wake yeye ulikuwa kubeba wageni, na mwanawe amesomea kuongoza wapiga mbizi. Jirani yake hakupata mlango wowote. Tangu siku hiyo naangalia fedha yangu inakwenda mkononi mwa nani. Boti ni ya mtu wa pale au imeletwa kutoka mjini? Mwongozaji ni wa kijiji? Nyanya zimenunuliwa wapi? Kambi ikiagiza kila kitu kutoka Dar na kuajiri watu wa mbali, kijiji kinabakiwa na makatazo ya hifadhi peke yake, na sijui kwa nini mtu wa kijiji hicho atake kasa waishi.

Nilirudi Mafia baadaye, mwezi wa Novemba, kwa ajili ya papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote. Huyo Julai huwezi kumtegemea. Kuanzia Oktoba hadi Machi ndipo wanapoonekana karibu na Kilindoni, wengi wao madume machanga, wakila viumbe wadogo wa jamii ya uduvi. Watafiti waliowawekea vifaa vya kuwafuatilia wamegundua kwamba wengi hawaondoki Mafia miezi mingine, bali hushuka kwenye kina na kusogea mbali na pwani, basi hatuwaoni. Masharti ni kukaa mita tatu kutoka mwilini, zaidi kidogo kutoka mkiani, na kutomgusa. Boti yetu ilisimama mbali, nahodha akasubiri boti nyingine iondoe watu wake ndipo nasi tukaingia. Samaki mrefu kuliko gari alipita pembeni yangu mdomo wazi, madoa yake meupe yanaonekana moja moja, akaenda zake. Wapo waongozaji wanaomkimbiza na kumkatia njia ili wageni wapate picha. Hao usiwalipe mara ya pili, na waambie kwa nini.

Novemba hiyo nilikuta jambo lililoninyima raha. Karibu na Utende nilisikia mazungumzo ya viwanja kuuzwa, na mtu mmoja akanionyesha mahali ambapo mnunuzi anataka kujenga "mpaka majini kabisa". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na kila mtu aliyekuwepo aliijua. Walichokuwa hawana uhakika nacho ni kama mnunuzi ataulizwa. Nilimwambia yule aliyenionyesha, kama ninavyowaambia wote wanaoniomba ushauri wa wapi pa kulala: pwani ya Mafia ikishafungwa kwa kuta, wanawake wa pweza watapita wapi? Hakuna makuti yatakayorudisha hilo. Serikali ya kijiji ina mkutano wake mkuu, na hapo ndipo suala kama hili linapaswa kusemwa, mapema, kabla msingi haujachimbwa. Sisi wageni nasi tuna la kufanya, kwa sababu nyumba isiyolaliwa na mtu haijengwi ya pili.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kutuma hela ya nafasi popote pwani napiga simu na kuuliza: je, upande wa bahari kuna ukuta, samaki mnanunua kwa nani, Ijumaa boti zinatoka saa ngapi? Wapo wanaoniona msumbufu, na mmoja alinikatia simu. Wengine wanafurahi na kuanza kueleza hata nisiyouliza. Kwa wanaojipanga, beba fedha taslimu za kutosha, dawa ya kichefuchefu, viatu vya kukanyagia mwamba, na kanga mbili. Usiende masika, Aprili na Mei mvua ni nyingi. Kusi ni kwa kasa na baridi nzuri ya usiku, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni kwa potwe na maji ya utulivu. Mama amechagua kusi tena, safari hii na dada yake, na tayari ameshaongea na Bi mkubwa kuhusu viazi. Gunia zima, anasema, na mimi ndiye nitakayelibeba kutoka Nyamisati.